Mtoto Analala na Nani

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Nesi aliniuliza huku ameinamisha kichwa, anafunga kimfuko cha dawa za kwenda nazo nyumbani: "Mama, mtoto analala na nani?" Nikajibu bila kufikiri. Analala na bibi yake. Akauliza nyumba ya bibi ikoje, ina dirisha, wanapikia wapi, mbuzi wanalala wapi. Nikamweleza yote, na nikaongeza hata ambayo hakuuliza. Binti yangu wa miaka mitatu alikuwa amekaa kitandani anakula ndizi mbivu, yeye ambaye wiki ile mbavu zake zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Mama mwenye furaha huongea sana.

Hospitali siitaji. Ziko kadhaa pande zetu hizi, na korido zao zote zinanuka dawa ile ile ya kudekia. Ninachotaka kusema ni kwamba ilikuwa mara ya kwanza mtu wa hospitali kutaka kujua tunaishije. Kabla ya hapo tulikuwa tunalazwa, mtoto anachomwa sindano, anapona, tunarudi Nyamahanga, na haupiti muda kikohozi kinarudi. Nimonia. Wakati mwingine walisema ni dalili za pumu. Sasa walikuwa wameanza utaratibu mpya wa kuwahoji wazazi kabla ya kuwaruhusu, na wodini tulikuwa tunautania. Mama wa kitanda cha pili alisema, "Maswali yote haya, kwani wanatuposa?" Tukacheka mpaka tukakemewa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilizaliwa Keza, wilaya ya Ngara, nikaolewa Nyamahanga, huku Biharamulo. Nyumba ya mama mkwe wangu iko ua mmoja na yetu. Desturi yao, na ya kwetu pia, ni kwamba mtoto akiachishwa ziwa kwa sababu mama ana mimba nyingine, anahamia kwa bibi. Hakuna kikao kinachokaa kulipanga jambo hilo. Bibi anakuja jioni, anambeba mtoto na kinguo chake, na kuanzia hapo mtoto ni wa kitanda chake. Ukikataa, umemwambia nini mama wa mume wako? Mimi sikutaka hata kukataa. Nilimpenda yule mama, na bado nampenda, ingawa ana mdomo.

Nyumba yake ni ya matofali ya udongo na bati, chumba kimoja kikubwa, na kidirisha ambacho amekiziba kwa gunia kwa sababu ya baridi. Mafiga yake yako ndani, kwenye kona. Juu ya moto amefunga dari la miti, na huko ndiko yanakokaa mahindi ya mbegu na maharage, maana moshi unafukuza wadudu. Mbuzi nao wanalala humo humo kwa kuogopa wezi. Moto wake hauzimiki. Ukipungua anaufukia majivu, asubuhi anaufukua. Katika ukoo wa mume wangu, moto wa mama wa nyumba unazimwa siku moja tu, siku anapokufa.

Na macho yake ni mekundu. Lazima niliseme hili mapema, kwa sababu ndilo lililoninyima raha mwaka ule wote. Pande hizi zetu na za jirani, bibi kizee mwenye macho mekundu anaweza kuitwa mchawi, na wapo walioitwa hivyo kisha wakakutwa wamekatwa mapanga. Watu wanaopika maisha yao yote kwenye moshi wanapata macho mekundu. Hilo haliwashangazi wanaotafuta mtu wa kumlaumu kwa kifo cha mtoto.

Basi, tuliruhusiwa, tukarudi. Jumapili, baada ya ibada, majirani walikuja kutupa pole. Walijaa uani, wengine kwenye mkeka, wengine kwenye vigoda, nami nimewapikia chai. Mama mkwe wangu alikuwa amempakata mtoto, anamtafunia karanga. Hapo ndipo alipofika mhudumu wa afya wa kitongoji, kijana wetu tunayemjua tangu akiwa mdogo, ameshika simu yake. Nesi alikuwa amempigia amweleze yale niliyoyasema. Ndio utaratibu: hospitali inauliza, kisha inampa taarifa mtu wa kijijini afuatilie. Utaratibu mzuri kabisa.

Alisalimia. "Shikamooni wazee." Tukaitikia. Halafu, kwa sauti ya mtu aliyetumwa, akasema: "Hospitali wamesema huyu mtoto atolewe kwa bibi. Asilale naye tena."

Sikumbuki kama kuna kuku aliyelia au nini. Nakumbuka jirani yangu, mwanamke ambaye shamba lake limepakana na letu, ameshika kikombe mdomoni na hanywi. Kijana akaendelea kueleza habari za moshi, dirisha, hewa, lakini nani alikuwa anasikiliza? Watu walikuwa wameshapata walichokipata. Hospitali yenye mashine zake, yenye madaktari waliosoma, nayo imeona. Mtoto atolewe kwa bibi.

Nilitaka kumzaba kofi kijana yule. Mtu aliyezaliwa hapa hapa, aliyekulia kwenye vilio vya hapa hapa, hakujua kwamba sentensi ile huwezi kuisema mbele za watu? Lakini alikuwa anafurahia kazi yake, maskini, na furaha ya kazi inaweza kumtoa mtu akili. Mama mkwe wangu aliinuka. Aliniwekea mtoto mapajani, akajifuta maganda ya karanga, akaenda kuwafungua mbuzi ambao walikuwa wamefunguliwa tangu asubuhi.

Jioni ile alileta blanketi la mtoto na kikombe chake cha plastiki, akaviweka mlangoni kwetu. Nikamfuata. "Mama, ni moshi," nikamwambia. "Wamesema moshi."

"Nimesikia walivyosema," akajibu.

Mume wangu ni mtu wa "tutaona." Nikimwambia paa linavuja, tutaona. Nikamwambia mama yako anaitwa mchawi kwa kauli ya hospitali, akasema tutaona. Nilimchukia kwa muda. Baadaye nikagundua kwamba kila siku kabla ya giza alikuwa anahamisha kiti chake, anakaa mahali ambapo angeona njia inayoingia uani. Tulikuwa tunaogopa kitu kimoja, kila mtu kimya kimya.

Mtoto alilala chumbani kwetu. Alilia akimtaka bibi. Mchana alikuwa anasimama kwenye kizingiti cha nyumba ile anaita, na bibi yake anajifanya hasikii, anaendelea kupeta mtama. Zamani mama yule alikuwa akiamka anauliza kwa sauti kutoka mlangoni kwake, "Mtoto kaamka?" hata kama mtoto yuko kitandani kwake mwenyewe, ulikuwa utani wake wa kila asubuhi, anauliza ili nasi tumjibu, "Muulize aliyelala naye." Utani ule ukafa.

Kisha zikaja mvua. Jiko langu la uani halina paa la maana, na kila masika tunapikia kwa mama. Tukapikia kwa mama. Mtoto akarudi kukaa penye moshi, maana mtoto anakaa penye moto na chakula, na bibi yake akiwepo, mwenye kumzuia ni nani? Kikohozi kikaanza upya. Na majirani, ambao mwanzo walisema bibi anamla mtoto kwa kulala naye, sasa wakasema amekasirika kunyang'anywa. Akilala naye ana hatia, asipolala naye ana hatia. Jirani wa kikombe alinikuta kisimani, akanivuta pembeni. "Lisemwalo lipo, mwalimu," akaniambia. "Kama halipo, laja." Nikamwaga maji niliyokuwa nimeshateka, nikaondoka na ndoo tupu, kwa hasira tu.

Sitajifanya shujaa. Usiku ule nilimtazama mama mkwe wangu akipuliza moto, macho yanamchuruzika, nikajiona namtazama kama wao. Ilikuwa ni muda mfupi sana. Lakini hofu ikishaingia ndani ya nyumba haichagui aliyesoma.

Asubuhi mtoto alikuwa hawezi kunywa hata maji ya kijiko. Tulipanda bodaboda hadi barabara kuu, nikamfunga kifuani, mdogo wake mchanga nimemwacha kwa wifi yangu. Tulipofika wakamwekea oksijeni. Nesi yule yule alikuja kutusalimia, ametabasamu, ananikumbuka. Nikamlipukia pale pale, mbele ya wagonjwa.

"Mmemhukumu mama mkwe wangu," nikamwambia. "Mmemtuma mtu atangaze uani kwangu kwamba mtoto atolewe kwa bibi. Unajua kwetu maneno hayo maana yake ni nini?"

Hakujua. Kwao ni mbali, nyanda za kusini, na alikuwa bado anajifunza hata jinsi ya kuagana na watu wa huku. Nikamweleza. Nilimwona anabadilika rangi. "Lakini mimi nilisema moshi," akasema.

"Moshi haukufika, dada. Aliyefika ni bibi."

Aliondoka. Nilidhani amekasirika, na nikaanza kuogopa kwamba mtoto wangu atahudumiwa kwa kinyongo. Unapokuwa hospitali unaogopa hata ukweli wako mwenyewe. Baadaye alirudi na daktari, akavuta kigoda, akakaa. Akasema wamezungumza. Akaniuliza kama mama mkwe wangu angeweza kuja, yeye, alale hapa na mtoto badala yangu. Hapa hakuna moto wala mbuzi. Mtoto anamtaka bibi yake, na mtoto aliyetulia anapumua vizuri kuliko anayelia. Na watu wa kwenu si huwa wanakuja kuona wagonjwa? Waje. Wamwone kwenye mikono ya nani.

Niliielewa hesabu yake mara moja, na ikanitia baridi. "Na akifa?" nikauliza. "Akifa mikononi mwake?"

Daktari alitazama mashine. Nesi hakutazama pengine, alinitazama mimi. "Hapo siwezi kukuahidi kitu, mama," akasema.

Nimewahi kuwakasirikia watu wengi kwa kuniahidi. Yeye nilimheshimu kwa kutoniahidi. Lakini kuheshimu hakupunguzi hofu. Mwanangu akipona mikononi mwa bibi yake, wangepona wawili. Akifa, ningezika mmoja, na wa pili asingekuwa na pa kurudi. Nilikaa na jambo hilo asubuhi nzima, nikihesabu pumzi za mtoto, nikipoteza hesabu, nikianza tena.

Mwishowe nikampigia mume wangu, nikamwambia ampe mama simu. Nikamweleza. Alisikiliza, kisha akasema polepole kwa Kisubi, nami nakielewa vya kutosha: "Akifia mikononi mwangu, mwanangu, mimi nitarudi wapi?"

Nikaisogeza simu karibu na mdomo wa mtoto. Mtoto alipumua tu, ile pumzi yenye filimbi ndani yake. Simu ikakatika, au aliikata. Nikajua hatakuja, na nikajua ana haki.

Alikuja siku ile ile. Alitokea mlangoni mwa wodi amejifunga kitenge chake cha kanisani, ana kikapu cha ndizi, mume wangu yuko nyuma yake amebeba blanketi lile lililowekwa mlangoni kwetu. Hakunisalimia. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia huku ameshapanda kitandani, ameshampakata mtoto na mipira yake ya oksijeni, anamnung'unikia maneno ambayo huambiwa watoto na ndama. Mtoto akamshika sikio. Alikuwa na tabia hiyo tangu mdogo, kulala ameshika sikio la bibi.

Nesi alimwita mtu wa macho aje amtazame. Walimpa dawa ya kupaka, wakamweleza kwamba moshi unaoingia machoni mwake ndio ule ule unaoingia kifuani mwa mjukuu. Yeye akabisha kwa Kiswahili chake cha kuwasemesha wageni. "Moshi? Moshi umenirea mimi. Mimi na ndugu zangu wote tumererewa kwenye moshi."

"Ndugu zako wote wapo, bibi?" nesi akamuuliza, kwa upole.

Mama mkwe wangu akainua mkono aanze kuwataja kwa vidole. Akataja wa kwanza, aliyekufa akiwa anatambaa. Akataja wa pili. Kisha akafika kwa watoto wake mwenyewe, akafumba mkono, akaurudisha chini ya blanketi.

Mimi ilinibidi kurudi, kwa ajili ya mtoto mchanga. Sijawahi kuwa na siku mbaya kama zile. Nafundisha huku simu iko mfukoni, ikitetemeka naacha chaki, natoka nje. Jirani wa kikombe alikuja kuuliza hali, nikamwambia mtoto yuko na bibi yake hospitali. Alinitazama kwa namna mpya, karibu na heshima. "Umefanya akili, mwalimu," akasema. "Mchawi mpe mwana kulea."

Methali hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi. Nimewaeleza wanafunzi: unayemshuku mkabidhi kitu, ataogopa kukiharibu. Nimewapa alama kwa kuijua. Siku hiyo nilisikia maana yake halisi ikisemwa juu ya mama aliyemzaa mume wangu, na kilichoniuma zaidi ni kwamba kwa nje ndicho hasa nilichokuwa nimefanya. Nikamwambia, "Kama unataka kumwona, nenda kamwone. Wote nendeni."

Wakaenda. Huku kwetu mtu halazwi bila watu kwenda kumwona, hata wale wanaomsema. Walichanga nauli, wakapakia viazi na maziwa, wakaenda wanawake kadhaa. Nilikaa nyumbani nikiomba Mungu kwamba saa watakayofika mtoto asiwe anakohoa. Niliomba mambo madogo hivyo. Waliporudi, jirani alikuja moja kwa moja kwangu, hata mzigo hajatua.

"Tumemkuta anakula uji," akasema. "Analishwa na yeye. Mipira wametoa." Akatua mzigo. "Anamshika sikio."

"Ndiyo," nikasema. "Huwa anamshika sikio."

Nikaingia ndani, nikalia mpaka mtoto mchanga akaanza kulia naye.

Waliporuhusiwa, nesi hakupiga simu. Alikuja mwenyewe na gari la chanjo, akamchukua kijana wetu wa afya, wakasimama uani kwangu watu wakiwepo. Kijana, jasho linamtoka, akasema upya alichopaswa kusema siku ile: moto ndio utolewe, bibi abaki. Mume wangu, nadhani kwa aibu ya "tutaona" zake zote, alikuwa ameshajenga kibanda cha jiko kando, na dari lake la mbegu, na zizi dogo la mbuzi lenye kufuli limegusana na ukuta wetu.

Ikabaki kuutoa moto. Hapo kila mtu alikwama, hata mimi. Nani aende akazime moto wa mama aliye hai? Nesi alitutazama, hakuelewa, ila safari hii alikuwa na akili ya kunyamaza. Mama mkwe wangu mwenyewe akaingia ndani na kigae cha chungu kilichovunjika, akatoka na makaa yamewaka, moshi unampanda usoni. Watu wakampisha. Alipofika katikati ya ua akasimama, akawatazama majirani zake mmoja mmoja kwa macho yale yale.

"Msianze kulia," akawaambia. "Sijafa. Nahama."

Kuna waliocheka. Jirani wa kikombe hakucheka, lakini alikimbia akamletea kuni kavu, na nilimshukuru kwa hilo, ingawa sijamsamehe.

Mtoto amerudi kulala na bibi yake. Gunia limetolewa kwenye kidirisha, na mama analalamika baridi kila siku ya Mungu. Kikohozi kimekuja mara moja moja, kikaondoka chenyewe. Nesi huwa anapiga simu, na siku hizi swali lake la kwanza kwa mama yeyote, nimesikia, si "mtoto analala na nani" bali "nieleze nyumbani kwenu," kisha anasubiri.

Lakini macho hayajawa meupe. Mtu wa macho alitwambia kwamba wekundu ule umekaa miaka mingi, utapungua, hautaisha. Kwa hiyo mwanangu amepona, na bibi yake bado ana macho mekundu katika kijiji ambacho watoto wa watu wanaendelea kukohoa katika nyumba nyingine zenye moshi.

Amerudisha lile swali lake la asubuhi. Mwanzo nilifurahi, nikadhani ni utani umefufuka. "Watoto wameamka?" anauliza kutoka mlangoni, na nikamjibu kama zamani, muulize aliyelala naye. Hakucheka. Alikuwa ameelekea njiani, kwenye nyumba za majirani. Alikuwa anauliza watoto wa kijiji kizima.

Sasa ananiuliza jioni, nikitoka shule, kabla sijaweka mkoba chini. "Wote walikuja shule?"

"Wote, mama," namjibu.

Na siku ambayo si kweli, namjibu hivyo hivyo. Kisha nabadilisha viatu, nakwenda mwenyewe kwa yule ambaye hakuja, nabisha hodi, naomba nielezwe nyumbani kwao, na ninasimama pale mlangoni nikisikiliza anavyopumua.